Ndaki za Umma Si Mlango wa Uani: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Chuo Kikuu cha Cornell na Jimbo la New York

Kwa Rais Michael Kotlikoff na Baraza la Wadhamini la Chuo Kikuu cha Cornell, Ithaca

Kwa Gavana Kathy Hochul na Bunge la Jimbo la New York, Albany

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, lugha hii si ngeni kwenu. Imefundishwa chuoni Cornell kwa miaka mingi, na mwaka 2014 jina la Cornell liliwekwa kwenye tuzo ya fasihi ya Kiswahili, ile ya Mabati-Cornell, kwa hiyo mtu wa kuwasomea barua hii hamtamkosa. Pili, nataka wenzangu waisikie pia, wazazi wa Syracuse, Utica, Rochester na Buffalo waliotoka Pwani, Kongo na Burundi, ambao watoto wao wanajaza fomu za vyuo usiku huku wao wakivaa viatu vya zamu. Jambo lenyewe, yaani dharau wanayofanyiwa watoto wanaoingia ndaki za umma ndani ya Cornell, linawahusu kama linavyonihusu mimi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kwale, pwani ya Kenya. Huu ni mwaka wangu wa kumi na saba hapa Syracuse, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mwaka huu binti yangu wa pili amepata nafasi Cornell, Ndaki ya Ikolojia ya Binadamu, kusomea lishe. Tulifanya shughuli ndogo nyumbani, pilau na mahamri, majirani na watu wa msikitini. Mgeni mmoja, mtu mzima ambaye wanangu humwita mjomba, alimpongeza sana, kisha akamuuliza amechukuliwa ndaki gani. Alipotajiwa, akashusha sauti kama anayempa mtu pole.

"Aa, hiyo ya serikali. Si Cornell yenyewe hasa, lakini si mbaya."

Binti akatabasamu kwa adabu, akaendelea kupakua. Wageni walipoondoka nilimkuta jikoni anasugua sufuria iliyokwisha takata. Hakugeuka. Akaniuliza, "Mama, ni kweli mimi nimeingilia mlango wa uani?"

Usiku ule sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe sikuwa najua ndaki za serikali zinafanya nini ndani ya chuo binafsi, wala kwa nini ada tuliyoandikiwa ilikuwa ndogo kuliko ile ya mtoto wa jirani aliyepata Uhandisi chuoni humo humo. Nimetumia miezi miwili kusoma, kuuliza, na kuwachosha wakutubi wa maktaba ya mtaani kwetu. Barua hii ndiyo jibu nililompa mwanangu. Naileta kwenu kwa sababu sehemu ya jibu hilo iko mikononi mwenu.

Nianze na yale ambayo nyinyi mnayajua lakini wengi wetu hatuyajui. Cornell ni chuo kikuu binafsi, kimoja kati ya vile vinane vya Ivy League, kundi la vyuo binafsi vyenye jina kubwa Marekani. Ndani yake zimo ndaki nne ambazo Jimbo la New York huchangia gharama zake: Tiba ya Mifugo, Kilimo na Sayansi za Uhai, Ikolojia ya Binadamu, na Mahusiano ya Kazi na Viwanda, ambayo wengi huiita ILR. Zilianzishwa kwa sheria za jimbo. Cornell inaziendesha kwa niaba ya jimbo, na kwa upande wa serikali zimo katika mfumo wa SUNY, vyuo vikuu vya umma vya New York. Mwanafunzi ambaye ni mkazi wa jimbo hulipa karibu theluthi mbili ya ada anayolipa mwenzake wa Sanaa na Sayansi au Uhandisi. Bweni, maktaba na mahafali havitofautiani. Shahada ni ya Cornell.

Juu ya tofauti hiyo ndogo ya mfuko, watu wamejenga ghorofa nzima ya dharau. Mwaka 2009 jambo hili lilifika hadi kwenye televisheni ya taifa. Ann Coulter, mwandishi wa siasa aliyesoma Sanaa na Sayansi, aliandika kwenye makala yake kwamba mtangazaji Keith Olbermann, aliyesoma Ndaki ya Kilimo, hakusoma ile Cornell ya Ivy League bali ile nyingine ya wakulima. Olbermann alionyesha cheti chake mbele ya kamera. Nimemwelewa, maana mtu akikuvunjia heshima hadharani, hadharani ndipo unapojitetea. Lakini nilihuzunika kwamba mabishano yote yalikuwa juu ya karatasi, kana kwamba kufananishwa na mkulima ni tusi la kuoshwa. Mimi ni mtoto wa bwana shamba. Baba yangu alizunguka vijiji vya Matuga na Kinango kwa baiskeli ya Phoenix, amebeba mbegu na daftari, na wazee walimsubiri chini ya mwembe kama anavyosubiriwa mganga. Makarani wa ofisini walimwita mtu wa matope. Kwa hiyo dharau hii naijua tangu nikiwa mdogo, na nilipoikuta Marekani, imevaa suti, niliitambua mara moja.

Swali la binti yangu lilikuwa juu ya mlango, basi niliona niangalie nyumba yenyewe ilijengwaje.

Mwaka 1862 Rais Lincoln alitia saini sheria ya Morrill iliyowapa majimbo ardhi ya umma ili waanzishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi. New York ilipata hati za kuchagua ekari 989,920 za ardhi nje ya jimbo, kuliko jimbo lolote jingine. Mwaka 1865 hati ya kuanzishwa kwa Cornell ilitiwa saini, na chuo hicho kikateuliwa kuwa ndicho cha kupokea mali hiyo. Ezra Cornell alitoa dola 500,000 na shamba lake la mlimani, na hilo hakuna wa kumnyang'anya. Lakini alifanya pia jambo jingine. Alizinunua hati zile kwa ajili ya chuo, akazitumia kuchagua misitu ya misonobari huko Wisconsin, akangoja bei ipande. Mwishowe chuo kikapata takribani dola milioni 5. Na ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa ya mataifa ya wenyeji, waliosukumwa nje yake kwa mikataba ya shinikizo na kwa bunduki, na hata kilima cha Ithaca chenyewe ni ardhi ya Wakayuga.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi mezani kwetu. Huo mfuko ambao ndaki "binafsi" zinajivunia, ambao umewafanya wengine waonekane wenye nyumba na wengine wapangaji, ulianza kunenepa kwa mali ya umma. Hakuna chumba hata kimoja kwenye kilima kile ambacho umma haukuchangia msingi wake. Tofauti ni kwamba katika ndaki nne mchango huo bado umeandikwa wazi kwenye vitabu, na katika nyingine umezeeka hadi umesahaulika.

Mheshimiwa Rais, wewe historia ya Tiba ya Mifugo huhitaji kuisoma kwangu. Ulikuwa mkuu wa ndaki hiyo kuanzia 2007 hadi 2015. Cornell ilipofungua milango 1868, James Law alikuja kutoka Uskoti kufundisha tiba ya mifugo, na mwaka 1876 mwanafunzi wake Daniel Salmon akawa wa kwanza nchini Marekani kupewa shahada ya udaktari wa mifugo. Ni yule Salmon ambaye jina lake limebaki kwenye bakteria wa salmonela. Ndaki yenyewe iliundwa kwa sheria ya jimbo mwaka 1894, ya kwanza kati ya hizi nne zilizopo leo. Sasa aliyekuwa mkuu wake anakalia kiti cha chuo kizima. Mtu anayetaka kujua kama ndaki za umma ni za uani, amtazame anayekaa sebuleni.

Ndaki ya Kilimo ilifuata 1904, Liberty Hyde Bailey akiwa mkuu wake. Humo alisoma Barbara McClintock, shahada zote tatu hadi ile ya uzamivu ya 1927. Alichunguza mahindi. Sisi tuliokula ugali tangu kuachishwa ziwa tunayadhani tunayajua mahindi, lakini yeye aliyatazama kwenye darubini hadi akagundua kwamba vipande vya jeni vinaweza kuhama kutoka mahali hadi mahali. Alikaa miaka mingi bila kuaminiwa, kisha mwaka 1983 akapewa Tuzo ya Nobeli peke yake. Nilimsomea binti yangu habari hiyo kwa sauti.

Ndaki yake mwenyewe ndiyo iliyonigusa zaidi. Mwaka 1900 Martha Van Rensselaer, mwalimu aliyewahi kusimamia shule za kaunti ya Cattaraugus, alianza kuwaandikia wake za wakulima vijarida vya masomo. Cha kwanza kilihusu kupunguza hatua: namna ya kupanga jiko ili mwanamke asitembee maili nzima kila siku kati ya kisima, meko na meza. Fikirini hilo. Chuo kikuu kinahesabu nyayo za mke wa mkulima na kuziona kuwa jambo la kufanyiwa utafiti! Mwaka 1911 yeye na mwenzake Flora Rose wakawa wanawake wa kwanza kupewa uprofesa kamili Cornell, baada ya mabishano marefu ya wanaume kama mwanamke anastahili. Mwaka 1925 jimbo likaifanya idara yao kuwa ndaki. Hii ndiyo iliyoitwa baadaye Ikolojia ya Binadamu.

Kwetu somo lile tuliliita sayansi kimu. Katika shule niliyosoma, mwalimu mmoja alikuwa akisema mbele ya darasa kwamba msichana asiyeweza hesabu ataenda kukaanga vitumbua huko sayansi kimu. Tulicheka pamoja naye, na mimi nilicheka. Ilinichukua miaka thelathini na kazi ya kuwalisha wazee wenye kisukari ili nielewe kwamba kujua chakula kinafanya nini mwilini si kazi ya aliyeshindwa.

Kutoka ndaki hiyohiyo alitoka Urie Bronfenbrenner, mmoja wa walioasisi Head Start mwaka 1965, mpango wa serikali wa kuwaandaa watoto wadogo wa familia zenye kipato kidogo kabla ya kuanza shule. Mwanangu wa mwisho alisoma Head Start hapa Syracuse. Alijifunza rangi, nyimbo na kupiga mswaki kwenye darasa lililobuniwa na fikra za watu wa ndaki ambayo mgeni wangu aliiita si Cornell hasa.

ILR nitaipitia haraka, si kwa kuidharau, ila siijui vizuri kama hizo nyingine. Ilianzishwa 1945 ili wenye viwanda na wafanyakazi wapate mahali pa kuelewana kwa elimu badala ya marungu. Frances Perkins, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya Marekani, alifundisha humo kuanzia 1957 hadi alipofariki 1965. Mtu aliyesimamia kuzaliwa kwa pensheni ya wazee wa nchi hii alimaliza maisha yake akifundisha kwenye ndaki ya serikali. Kila mwezi naona mafao hayo yakiingia kwenye akaunti za wazee ninaowahudumia.

Waheshimiwa, wapo wanaozitetea ndaki hizi, nami nawashukuru, ila wengi wao hushika silaha isiyofaa. Husema kwamba nazo ni ngumu kuingia. Husema kwamba Dyson, shule ya uchumi na biashara iliyo chini ya Ndaki ya Kilimo pamoja na Ndaki ya Biashara, hukataa waombaji wengi kuliko hata sehemu za ndaki binafsi. Ni kweli kwamba kuingia Dyson ni kugumu sana. Lakini tukikubali kwamba heshima ya ndaki ni hesabu ya watoto iliowafungia mlango, tumeshindwa kabla ya kuanza. Ezra Cornell alisema anataka kuanzisha chuo ambamo mtu yeyote anaweza kupata mafunzo katika somo lolote. Maneno hayo ndiyo kaulimbiu yenu. Hayakusema mtu mmoja kati ya ishirini.

Sisemi mpokee kila anayebisha. Viti vina idadi. Ninachosema ni kwamba ugumu wa kuingia ni shida ya viti, na shida haifanywi pambo. Ndaki ya umma ikianza kujipamba kwa idadi ya waliokataliwa, inajaribu kufanana na yule anayeidharau, na jimbo litauliza kwa haki kwa nini linalipia pambo hilo.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya yalikuwa kinyume kabisa, na ndiyo maana maneno ya mgeni wangu yalinishangaza hata kabla hayajaniuma. Tulipokuwa vijana, chuo cha serikali ndicho kilichokuwa na jina. Makerere, Dar es Salaam, Nairobi, ukitajwa kwamba umechaguliwa na serikali kwenda huko, kijiji kizima kilikesha. Aliyelipa mwenyewe ndiye aliyetazamwa kwa jicho la pembeni. Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na Nairobi ikafungua masomo ya jioni ya kulipia mwaka 1998, watu walinong'ona kwamba hao wamenunua nafasi. Nao walisingiziwa. Wengi walikuwa na akili kuliko waliowasema. Nimeishi basi pande zote mbili. Upande mmoja pesa ya serikali ilikuwa taji, upande mwingine imekuwa doa, na mtoto anayesoma ni yuleyule. Kutokana na hilo nimejua kwamba heshima hii haitoki kwenye elimu yenyewe. Inatoka kwa wenye sauti, kwa jinsi wanavyolieleza jambo. Ndiyo sababu nawaandikia nyinyi badala ya kugombana na mgeni wangu.

Wala sitajifanya kwamba jina halina maana. Binti yangu ana jina la Kiafrika na kilemba kichwani. Neno Cornell kwenye karatasi yake litamfungulia milango ambayo akili peke yake isingemfungulia, na ningekuwa mwongo kusema silitaki jina hilo. Nakubali pia kwamba wapo wanaoomba ndaki za umma kwa hesabu tu, wasiojali kilimo wala lishe, wanaotafuta jina kwa bei nafuu. Wapo, na kila shamba lina kwekwe zake. Lakini mtoto wa mkazi wa New York anayelipa ada ya mkazi hajaiba kitu. Wazazi wake wamelipa kodi. Mimi nalipa kodi New York tangu wiki yangu ya kwanza ya kazi, hata kabla sijajua kuendesha gari kwenye theluji.

Sasa nifike nyumbani Kwale, kwa sababu huko ndiko nilikopata jibu lenyewe.

Katika kusoma kwangu nilikutana na jina la Michael Latham. Alizaliwa Tanganyika, akawa daktari huko miaka ya ukoloni na mwanzo wa uhuru, akaongoza kitengo cha lishe katika Wizara ya Afya. Baadaye alikuja Cornell akafundisha lishe ya kimataifa kwa miaka mingi, katika kitengo cha Sayansi za Lishe ambacho ni cha ndaki mbili kwa pamoja, Kilimo na Ikolojia ya Binadamu. Zote mbili ni za umma. Yeye na mwenzake Lani Stephenson, pamoja na watafiti wa Kenya, walifanya kazi Kwale. Waliwapima watoto wa shule za msingi wenye safura, minyoo na kichocho, wakawapa dawa, kisha wakawapima tena uzito, urefu, nguvu za mwili, hata hamu ya kula. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, yalionyesha kwamba hata dozi moja ya dawa ilimfanya mtoto akue vizuri zaidi, awe na nguvu zaidi na ale zaidi.

Nilipolisoma neno Kwale kwenye maandishi ya Cornell, nilifunga kompyuta ya maktaba nikatoka nje. Mimi ni wa rika la watoto wale. Sijui kama shule yangu ilikuwemo, wala si muhimu. Nawakumbuka wenzangu waliokojoa damu wakidhani ni kubalehe. Namkumbuka mdogo wangu aliyekuwa akila udongo, amepauka viganja, analala darasani, na mwalimu anamchapa kwa uvivu. Hakuwa mvivu. Alikuwa na safura. Kulikuwa na watu kwenye kilima cha mbali, katika ndaki inayoitwa si Cornell hasa, waliokuwa wakilithibitisha hilo kwa mizani na daftari.

Na si hao tu. Kutu ya shina la ngano iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ile inayoitwa Ug99, ilipotishia mashamba ya nchi nyingi, watu wa Kilimo Cornell waliongoza mradi mkubwa wa kutafuta mbegu zinazostahimili, na mbegu hizo zilijaribiwa Njoro. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, ambapo setilaiti hupima ukijani wa malisho na yakikauka kupita kiwango mfugaji hulipwa, ilibuniwa na watafiti akiwemo Chris Barrett wa Dyson pamoja na Mkenya Andrew Mude, aliyepata uzamivu wake Cornell na kutunukiwa Tuzo ya Borlaug ya watafiti wa nyanjani mwaka 2016. Muhogo, ambao magonjwa ya batobato na michirizi kahawia yameuharibu kutoka Pwani hadi Ziwa Viktoria, ulipata mradi wa kuboresha mbegu ulioongozwa na Ndaki ya Kilimo kuanzia 2012, na watafiti wa Uganda na Tanzania walikuwemo ndani yake. Baba angekuwa hai ningemsomea orodha hiyo polepole, naye angeniuliza mbegu zinapatikana wapi.

Kwa hiyo nilimwambia mwanangu kwamba yeye anaingia kwa mlango ambao chuo kile kilijengwa kwa ajili yake. Alinisikiliza. Lakini mimi ni mama yake, na maneno ya mama hayafiki mbali. Ya kwenu yanafika.

Nawaomba Rais na Wadhamini mseme jambo hili kwa midomo yenu, mahali ambapo mzazi atalisikia. Sisemi mmelificha, maana mkataba uko wazi kwenye sheria za jimbo. Lakini mzazi anayemaliza zamu saa tano usiku hasomi sheria za jimbo. Anasoma barua ya kukubaliwa na karatasi ya ada. Mkazi anayeandikiwa ada ndogo bila maelezo hudhani ni punguzo, na punguzo kwa watu wetu ni alama ya kitu chenye kasoro. Mwelezeni kwamba ni sehemu aliyokwisha kulipiwa na jimbo lake, kwa sababu jimbo linataka watu wenye ujuzi huo. Viongozi wa ndaki zote, na hasa zile zisizo za umma, walifundishe hilo kwa wanafunzi wao wapya siku ya kwanza, kabla utani wa mabwenini haujawafundisha vingine.

Na msitupimie heshima kwa idadi ya waliokataliwa. Pimeni kwa kazi. Hesabuni wakulima waliofikiwa na maafisa ugani wa Cornell, ambao wako katika kila kaunti ya jimbo hili, na mziweke hesabu hizo mbele, pale mnapoweka majina ya wafadhili.

Nawaomba Gavana na Bunge msiache sehemu yenu ipungue kimyakimya. New York iliwahi kuwa na ndaki ya misitu Cornell, ya kwanza ya aina yake Marekani, iliyoanzishwa 1898. Wenye mali wa milima ya Adirondack walilalamika, Gavana Odell akakata fedha zake mwaka 1903, na ndaki ikafa ikiwa na miaka mitano. Ndaki za umma zina udhaifu huo mmoja ambao nyingine hazina, kwamba kalamu moja Albany inaweza kuzizima. Na kila mwaka mchango wa jimbo usipopanda pamoja na gharama, pengo hujazwa na wazazi kama mimi. Siku ada ya mkazi itakapolingana na ile nyingine, mlango tunaobishania utakuwa umeondolewa ukutani.

Novemba 2025 Cornell ilipopatana na serikali ya shirikisho ili irejeshewe fedha zake za utafiti, iliahidi kulipa dola milioni 30 na kuwekeza dola milioni 30 nyingine katika utafiti wa kuwasaidia wakulima. Sina uwezo wa kuyahukumu mapatano hayo. Niliona tu kwamba siku ya dhiki chuo kizima kilisimama nyuma ya kilimo. Basi na siku ya raha kilimo kiitwe mbele.

Binti yangu anaanza Agosti. Ataishi bweni moja na watoto wa ndaki zote, na kila asubuhi atapanda kuelekea jengo lenye jina la Martha Van Rensselaer. Karatasi ya kwanza ya ada itafika nyumbani kwetu kabla ya hapo. Ningependa iwe na aya moja fupi inayosema jimbo limelipa nini na kwa nini. Mkiiandika, nitumieni. Tafsiri ya Kiswahili nitaifanya mwenyewe bila malipo, na nitaibandika msikitini, kanisani kwa Wakongo, na kwenye duka la unga tunakokutana sote.

Wenu kwa heshima,

Mama wa mwanafunzi mpya
Syracuse, New York